"Bado sijajua": neno dogo linalohitajika katika masomo ya dawa

Makanisa yetu ya mashariki mwa Kongo yanasimamia vituo vya afya na hospitali nyingi. Katika kila kimoja kuna mahali ambapo mgonjwa humalizia safari yake: dirisha la dawa. Daktari au muuguzi amekwisha kuandika ordonansi. Anayebaki ni mtu mmoja tu. Ndiye anayesoma ile karatasi, anahesabu vidonge, anaandika juu ya bahasha "1 asubuhi, 1 jioni", na kumweleza mama namna ya kumpa mtoto wake. Akikosea hapo, mara nyingi hakuna mtu mwingine baada yake wa kuligundua kosa.

Mtu huyo amefundishwa mahali fulani: katika chuo kikuu, katika taasisi ya ufundi wa kiganga, au kwa kukaa miaka mingi kando ya mkubwa wake wa kazi. Huko alijifunza majina ya dawa, vipimo vyake na hatari zake. Lakini alijifunza jambo lingine pia, hata kama halikuandikwa katika programu ya masomo. Alijifunza kama ni salama kusema "sijui", ama ni afadhali kunyamaza.

Jambo hilo la pili ndilo tunalotaka kulieleza hapa. Watafiti wa elimu hulizungumza chini ya jina la "mtazamo wa kukua". Linaonekana kuwa habari ya walimu peke yao, lakini njia yake inafika moja kwa moja mpaka kwenye kijiko cha siro anachopewa mtoto.

Mitazamo miwili juu ya akili

Carol Dweck ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Kwa miaka mingi amechunguza namna watu wanavyofikiri juu ya uwezo wao wenyewe, na mwaka 2006 alitoa kitabu chake kinachojulikana sana, *Mindset*. Anaeleza kwamba kuna namna mbili za kufikiri.

Namna ya kwanza tunaweza kuiita mtazamo ulioganda. Mtu anaamini kwamba akili ni kama urefu wa mwili: umepewa kiasi chako, basi. Kuna wenye akili ya hesabu na wasio nayo. Kwa mtu wa namna hiyo kila mtihani ni hukumu juu yake mwenyewe. Akipata pointi 8 kwa 20, haoni kwamba kuna sura mbili za kitabu ambazo hajazielewa. Anaona kwamba yeye ni mtu wa 8.

Namna ya pili ni mtazamo wa kukua. Hapa mtu anaamini kwamba uwezo huongezeka kwa mazoezi, kwa njia nzuri za kujifunza, na kwa msaada wa wengine. Hasemi kwamba watu wote ni sawa, wala kwamba kila mtu atakuwa profesa. Anasema tu kwamba kiasi cha leo si mwisho. Pointi 8 zinamwonyesha pa kuanzia.

Mwaka 1998 Dweck na mwenzake Claudia Mueller walitangaza matokeo ya uchunguzi waliofanya kwa watoto wa shule ya msingi wa Marekani. Watoto walipewa mafumbo, wakayafanya vizuri. Kisha wengine walisifiwa akili yao: "Wewe una akili." Wengine walisifiwa bidii yao: "Umefanya kazi kwa bidii." Baadaye wote walipewa mafumbo magumu yaliyowashinda, halafu tena mepesi kama yale ya kwanza. Waliosifiwa akili walishuka. Walifanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa bidii walipanda.

Lakini kuna sehemu ya uchunguzi ule inayotuhusu zaidi. Watoto waliombwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine na kuwaambia walipata pointi ngapi. Kati ya wale waliosifiwa akili, karibu 4 kati ya 10 walidanganya, wakaandika pointi nyingi kuliko walizopata. Kati ya waliosifiwa bidii, waliofanya hivyo walikuwa wachache zaidi. Watoto wale hawakuwa wabaya kuliko wenzao. Walikuwa wamepewa jina la "mwenye akili", na sasa walipaswa kulilinda.

Kwa nini jambo hili ni zito katika dawa

Katika masomo mengi, anayeficha kutokujua hujiumiza mwenyewe. Katika dawa, mzigo unamwangukia mwingine.

Tuchukue hesabu moja ambayo kila mwanafunzi wa dawa hukutana nayo. Mtoto ana kilo 12. Anahitaji parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo. Kwa hiyo 12 mara 15 ni miligramu 180 kwa mara moja. Siro iliyoko ina miligramu 120 katika mililita 5, maana yake miligramu 24 katika kila mililita moja. Ukigawa 180 kwa 24 unapata mililita 7,5.

Sasa mwanafunzi mmoja anasahau alama ya desimali, anaandika 75. Mililita 75 za siro hiyo ni miligramu 1800, yaani miligramu 150 kwa kila kilo ya mtoto. Kwa mara moja, hicho ni kiasi kinachoweza kuharibu ini. Kipimo kimekuwa mara kumi kwa sababu ya alama moja ndogo.

Mwalimu wa kwanza anaweka alama nyekundu, anaandika sifuri, na kusema mbele ya darasa: "Wewe hesabu si zako." Mwanafunzi anaketi. Anachojifunza siku ile ni kwamba kosa ni aibu. Kesho akiwa na shaka juu ya jibu lake, hatauliza. Baada ya miaka mitatu atakuwa kwenye dirisha la dawa, mwenye shaka ileile, mwenye kimya kilekile. Na watu wa mtaa watamwita "dokta", maana huku kwetu karibu kila anayeuza dawa huitwa hivyo. Jina hilo lina heshima, lakini linafanya neno "sijui" kuwa gumu zaidi kutamka.

Mwalimu wa pili naye anaweka sifuri, kwa sababu jibu ni baya na lingeweza kuua. Lakini haishii hapo. Anauliza: "Kosa limeingia wapi? Katika kuzidisha? Katika kugawa? Katika kusoma maandishi ya chupa? Ama katika desimali?" Kisha anafundisha swali la kujilinda: "Je, jibu hili linaingia akilini?" Chupa nyingi za siro zina mililita 60 au 100. Mtoto wa kilo 12 anywe chupa nzima, au karibu yote, kwa mara moja? Haiwezekani. Mwanafunzi aliyezoezwa kujiuliza hivyo atalikamata kosa lake mwenyewe kabla halijamfikia mama na mtoto. Halafu mwalimu anampa hesabu nyingine tano za namna hiyo, na anazisahihisha tena.

Walimu hawa wawili wametoa pointi sawasawa. Wa pili hakushusha kiwango wala hakumbembeleza mwanafunzi. Tofauti yao ni kwamba kwa mmoja sifuri ilifunga mlango, na kwa mwingine sifuri iliufungua.

Mfano mwingine ni dawa ya malaria ya artemeta-lumefantrini, ambayo vituo vyetu vinaitumia sana. Kwa vidonge vya miligramu 20 na 120, mtoto wa kilo 14 hupewa kidonge 1 kila mara. Mtoto wa kilo 15 hupewa 2. Inatolewa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Kwa hiyo kilo moja inatenganisha vidonge 6 na vidonge 12. Pia dawa hii inaingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa pamoja na chakula chenye mafuta. Anayeona aibu kufungua jedwali mbele ya mgonjwa, ama kumwomba mama ampime tena mtoto, atakisia kwa macho. Anayejua kwamba kutazama kitabu ni sehemu ya ufundi wenyewe atakifungua, na hatapoteza heshima yoyote.

Somo la Ituri

Wasomaji wetu wa Ituri wanaweza kukumbuka yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2014 na katika mwaka 2015. Mamia ya watu, wakiwemo watoto, walifika kwenye vituo vya afya wakiwa na shingo iliyopinda, uso uliokazwa, ulimi na mikono isiyotii. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni meninjiti. Dhana hiyo ilikuwa na sababu, kwa maana shingo ngumu ni dalili inayofundishwa katika kila shule ya uganga.

Lakini picha nzima haikulingana na meninjiti. Vidonge ambavyo wagonjwa walikuwa wamekunywa vilipopelekwa kupimwa, ilionekana kwamba vilivyouzwa kwa jina la diazepamu havikuwa diazepamu. Ndani yake kulikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ambayo inaweza kukaza misuli kwa namna ileile iliyoonekana. Mwezi wa Julai 2015, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa tahadhari juu ya diazepamu hiyo ya bandia.

Hakuna darasa lililoweza kumwandaa mwanafunzi kwa jambo lile hasa. Hakuna kitabu kilichokuwa na sura inayosema: siku moja huko Ituri utauziwa diazepamu ambayo si diazepamu. Kilichohitajika ni watu walio tayari kusema: "Tulidhani ni hivi, ushahidi haukubali, tutafute tena." Mfamasia aliyefundishwa kwamba mtu wa akili hujua jibu mara moja atashikilia jibu la kwanza. Aliyefundishwa kwamba kujua ni kazi isiyokwisha ataangalia tena kidonge, atauliza kilitoka ghala gani, na atakiweka pembeni kwanza.

Nafasi ya mfamasia katika jambo la namna hii ni kubwa. Daktari anamwona mgonjwa. Mfamasia anaiona dawa. Anaona bei iliyoshuka ghafula, maandishi yaliyopotoka, rangi iliyobadilika, kifungashio kisicho na namba. Anaweza kujua kama shehena imetoka katika ghala linaloaminika au imepita njia za pembeni. Macho hayo hayazaliwi nayo mtu. Hufundishwa, na hunolewa kila mwaka.

Lugha yetu inatusaidia

Kiswahili kina zawadi kwa mwalimu hapa. Tunaweza kusema "sijui", na tunaweza kusema "sijajua". Tunaweza kusema "hawezi", na tunaweza kusema "hajaweza". Silabi moja tu inageuza maana yote. "Hawezi" ni hukumu. "Hajaweza" inaacha nafasi ya kesho. Katika maongezi yetu ya kila siku neno "bado" linafanya kazi hiyohiyo: "Umemaliza?" "Bado." Hakuna anayelisikia kama ukiri wa kushindwa. Kazi inaendelea.

Dweck mwenyewe amesisitiza thamani ya neno la namna hiyo kwa wanafunzi. Sisi tunalo tayari mdomoni. Mwalimu wa dawa anayeandika juu ya karatasi "bado hujaelewa kubadili gramu kuwa miligramu, rudia ukurasa huu, tuonane Alhamisi" amesema mambo matatu: ni nini kilichopungua, ni nini cha kufanya, na kwamba anamngoja mwanafunzi huyo arudi.

Wanaosoma Maandiko watamkumbuka Apolo katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Alikuwa msemaji hodari na mwenye elimu, lakini Prisila na Akila walipomchukua kando na kumweleza zaidi, alikubali kufundishwa. Walimfundisha pembeni, si mbele ya umati. Ni njia nzuri ya kusahihisha, hata katika chuo cha dawa.

Mtazamo peke yake hautoshi

Hapa tunapaswa kusema ukweli wote, kwa sababu habari hii imekwisha kugeuzwa na wengine kuwa maneno matamu tu: "Amini, utaweza." Sivyo ilivyo.

Kwanza, faida iliyopimwa si ya ajabu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa wanafunzi wa sekondari wapatao 12 000 huko Marekani, ambao sehemu yao tu walipewa somo fupi juu ya mtazamo wa kukua. Wanafunzi waliokuwa nyuma walipanda, lakini kwa kiasi kidogo: karibu sehemu moja ya kumi ya pointi katika kipimo chenye pointi 4 hivi. Tena faida ilionekana zaidi katika shule ambako wenzao nao walithamini kazi ngumu. Somo fupi haliwezi kuushinda mzigo wa darasa zima linalomcheka anayeuliza.

Pili, mtazamo hauleti mizani kwenye maabara. Hauleti umeme, wala vitabu, wala mshahara wa asistanti, wala usalama barabarani. Kumwambia mwanafunzi aliyefukuzwa kwa vita, asiyekuwa na karo, kwamba shida yake ni mtazamo wake, ni kumwonea. Wenye mamlaka na wenye uwezo bado wana wajibu wao.

Tatu, "bado" lina mahali pake. Darasani, "bado" ni neno la tumaini. Kwenye dirisha la dawa, "bado sijajua" maana yake ni "basi sitoi dawa hii mpaka nimeuliza". Mgonjwa hawezi kuwa daftari la mazoezi. Chuo kinachompa diploma mwanafunzi ambaye hajaweza hesabu za vipimo, kwa sababu amejitahidi sana, hakijafuata mtazamo wa kukua. Kimemtupia mama fulani kijijini tatizo ambalo hakutaka kulimaliza. Bidii husifiwa pale inapoleta kujua. Isipoleta, njia inabadilishwa, msaada unaombwa, na mtihani unarudiwa.

Mambo ya kufanya

Kwa walimu wa vyuo: afadhali majaribio mafupi kila juma kuliko mtihani mmoja mkubwa mwisho wa mwaka. Jaribio fupi linaonyesha pengo wakati bado kuna muda wa kuliziba. Mwachie mwanafunzi nafasi ya kusahihisha karatasi yake mwenyewe na kueleza kosa liliingia wapi. Ukiulizwa swali usilokuwa na jibu lake, fungua kitabu mbele yao. Wataiga unachofanya kuliko unachosema. Na unapomsifu mtu, taja kitu: "Ulipima jibu lako mara ya pili, ndiyo maana ulilikamata kosa." Sifa hiyo inaweza kurudiwa kesho. "Wewe ni fundi wa kuzaliwa" haimfundishi mtu lolote.

Kwa wanaowapokea wanafunzi wa staji: wekeni daftari la makosa yaliyozuiliwa kabla ya kumfikia mgonjwa, bila majina. Dawa mbili zenye majina yanayofanana, chupa mbili zenye rangi moja, ordonansi isiyosomeka. Mara moja kwa juma soma daftari hilo pamoja na wote, na mwulizane: tubadili nini? Labda chupa zile zihamishwe rafu. Wekeni pia kanuni kwamba kipimo cha mtoto mdogo huhesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha. Kanuni ikiwa ya wote, hakuna anayeona kwamba anashukiwa.

Kwa wazazi: kuna msichana aliyeacha kusoma dawa kwa sababu tangu utoto alisikia nyumbani kwamba hesabu si za wasichana. Aliyesema maneno hayo huenda amekwisha kuyasahau. Aliyeyasikia hajayasahau.

Kwa makanisa yanayolipia masomo: mwanafunzi akirudia mwaka, kamati huuliza mara nyingi swali moja tu, tuendelee kulipa ama tuache? Ongezeni maswali mawili. Ni nini hasa kilichomshinda? Na mwaka huu atafanya nini tofauti? Anayejibu maswali hayo kwa vitu maalum, "sura hii, mazoezi haya, mwalimu huyu atanisaidia", ameonyesha dalili njema. Asiyeweza kujibu anahitaji mtu wa kuketi naye kabla ya pesa. Na kama imeonekana wazi kwamba kazi hii si yake, mwambieni kwa upole, na mapema.

Na kwa sisi sote tunaosimama mbele ya lile dirisha: mara nyingi ni sisi tunaowafundisha wahudumu kuficha. Mhudumu akifungua kitabu, tunanong'ona kwamba hajui kazi. Akisema "ngoja nimuulize mwenzangu", tunakwenda duka la jirani ambako hakuna anayesita. Juma hili, ukienda kuchukua dawa, mwombe akueleze kipimo na sababu yake. Akisema, "Ngoja niangalie tena," mngoje. Mwambie asante. Huyo anakulinda.